Wanaosema Anoreksia Si Ugonjwa Wetu

Hoja hizi mmezisikia. Zimesemwa redioni, zimesambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, zimerudiwa barazani na kwenye foleni za zahanati: kwamba anoreksia nevosa ni ugonjwa wa Wazungu, kwamba ni maringo, kwamba ni jini, kwamba dawa yake ni bakora na sahani ya ugali. Nimezisikiliza kwa makini na ninazileta mbele yenu moja baada ya nyingine, ninyi mkae kama mahakimu. Nina ombi moja kabla hatujaanza. Msiipime kila hoja peke yake. Iwekeni kando ya mwenzake, muone kama zinaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Wanaozitoa huzitoa zote pamoja, mara nyingi mtu yuleyule ndani ya mazungumzo yaleyale, na hapo ndipo kesi yao inapoanza kuanguka.

Tukubaliane kwanza tunazungumzia nini. Mwenye anoreksia hujinyima chakula mpaka uzito unashuka chini ya kile mwili unachohitaji ili uishi salama. Anapinga kila hatua ya kuurudisha uzito huo, na haoni hatari ambayo kila mtu nyumbani anaiona. Wengi huogopa unene kupita kiasi, lakini si wote, na hilo la "si wote" litatufaa sana hapa.

Hoja ya kwanza inasema ugonjwa huu haupo Afrika. Niieleze kwa nguvu zake zote, kwa sababu ndiyo yenye ushahidi kuliko zilizobaki. Mwaka 2004 daktari Frank Njenga na mwenzake walichapisha matokeo ya kuwauliza madaktari wa magonjwa ya akili nchini Kenya kuhusu anoreksia, na wagonjwa waliotajwa walikuwa wachache mno. Katika kisiwa cha Curaçao, ambako wakazi wengi ni watu weusi, timu ya Hans Hoek ilitafuta wagonjwa wapya wa miaka ya 1995 hadi 1998. Haikupata hata mmoja miongoni mwa weusi. Wote walikuwa machotara na weupe. Huo ni ushahidi wa kweli na haufai kudharauliwa.

Lakini unathibitisha nini? Unathibitisha kwamba ugonjwa ni nadra. Wanaousimamia wanachukua neno "nadra" na kulisoma "haupo", na kati ya maneno hayo mawili ndimo anamofia mgonjwa. Kisa cha anoreksia Nigeria kilichapishwa mwaka 1981. Kisa cha mwanamke mweusi wa Zimbabwe kilitoka katika jarida la madaktari wa akili la Uingereza mwaka 1984. Afrika Kusini ilifuata katika miaka ya 1990. Kwa anayesema "haupo", kisa kimoja kilichothibitishwa kinatosha kuimaliza hoja yake. Tena angalieni namna hesabu zenyewe zilivyofanywa. Ukimuuliza daktari wa akili amewaona wagonjwa wangapi, atakutajia waliofika kwake. Msichana aliyeambiwa ana vidonda vya tumbo, akapewa dawa za kupunguza asidi na kurudishwa nyumbani, hawezi kuwemo katika jibu hilo. Mwandishi Tsitsi Dangarembga aliliona jambo hili mapema. Katika riwaya yake ya mwaka 1988, Nyasha anadhoofika kwa kukataa chakula, na daktari wa akili anayepelekewa anakataa kwamba anaumwa, kwa maelezo kwamba Waafrika hawaugui namna hiyo. Daktari wa namna hiyo akiulizwa baadaye amewaona wagonjwa wangapi wa Kiafrika, atajibu kwa uaminifu kabisa kwamba hajamwona hata mmoja.

Sasa turudi kwa wale "si wote". Mwaka 1993 daktari Sing Lee wa Hong Kong alichapisha taarifa za wagonjwa 70 wa Kichina, na 41 kati yao hawakuonyesha hofu yoyote ya unene. Malalamiko yaliyozoeleka zaidi yalikuwa tumbo kujaa, au kutojisikia kula. Mwaka 2004 ukatoka utafiti wa kaskazini mashariki mwa Ghana, ambako wanafunzi wa kike 668 wa sekondari walipimwa. Kumi kati yao walikuwa wamekonda kupita kiasi bila sababu nyingine ila kujinyima chakula. Hakuna aliyetaja umbo wala uzito. Walizungumzia dini, kujitawala na uwezo wa kuishinda njaa, na waliona wanafanya jambo jema. Watafiti wangefika na swali la "je, unaogopa kunenepa?" wangeondoka na sifuri, na sifuri hiyo leo ingekuwa inanukuliwa kwenye makundi ya WhatsApp. Mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kilibadilisha vigezo vyake, na sasa mwenendo wa kuzuia uzito usipande unatosha hata kama mgonjwa hakiri hofu hiyo kwa mdomo. Kigezo cha mgonjwa kukosa hedhi nacho kiliondolewa.

Pacha wa hoja hiyo ni ile inayosema utamaduni wetu unatulinda. Kwetu mwanamke mnene ndiye mwenye heshima, tunaambiwa, na kukonda ni aibu. Kweli kukonda kumekuwa aibu, na sababu yake si ya kujivunia. Ugonjwa mpya ulipoingia Rakai nchini Uganda na Kagera upande wa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu waliutambua kwa mwili unaoyeyuka. Madaktari wa Uganda waliuandika mwaka 1985 kwa jina la ugonjwa wa kukonda, na ndio huo tunaouita UKIMWI. Tangu hapo binti akikonda, familia hufikiria vitu viwili: virusi na kifua kikuu. Wanafanya vizuri kupima. Kosa linafuata baada ya majibu. Vipimo vikitoka safi, nyumba nzima inashusha pumzi na kusema hana ugonjwa. Hapo utamaduni haukumlinda yeyote. Umewapa wazazi maelezo mawili, na yote mawili yaliposhindwa ukawanyima la tatu. Kuhusu kupenda unene, yawezekana kunapunguza wale wanaojinyima kwa kuogopa kunenepa. Hakuwezi kumsaidia yule wa Ghana ambaye unene haukuwamo kabisa katika hesabu zake.

Mtu akishindwa hapo, hugeuka na kudai kwamba ugonjwa umeletwa na televisheni na simu. Kuna jambo la kweli ndani yake. Televisheni ilifika jimbo la Nadroga huko Fiji mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker aliwapima wasichana wa shule mwaka huohuo, akapima wengine mwaka 1998. Waliokuwa na alama za juu za ulaji wenye kasoro walipanda kutoka karibu asilimia 13 hadi asilimia 29. Picha zina nguvu, na mzazi anayejali anachokitazama mwanawe ana sababu. Lakini dodoso la Becker lilipima fikra na mienendo, halikuhesabu wagonjwa wa anoreksia. Na ugonjwa wenyewe una umri mkubwa kuliko skrini yoyote. Madaktari Gull wa London na Lasègue wa Paris waliueleza kila mmoja kivyake mwaka 1873, miaka 22 kabla ya ndugu Lumière kuwaonyesha watu filamu. Richard Morton, daktari wa London, alikuwa ameandika visa viwili vinavyofanana nao mwaka 1689: msichana aliyekataa matibabu akafa, na mvulana wa miaka 16, mtoto wa mchungaji, aliyepata nafuu kubwa baada ya kuacha masomo, kuhamia shamba na kulishwa maziwa.

Iwekeni hoja hii kando ya ile ya kwanza. Ikiwa ugonjwa huletwa na simu, na simu zimejaa Dar es Salaam, Mombasa, Kampala na Bujumbura, basi anayesema hivyo ameshakiri kwamba ugonjwa unaweza kuwa hapa. Hawezi tena kusema ni wa Wazungu. Achague moja. Na yule mvulana wa Morton anaimaliza hoja nyingine bila kunisumbua, ile ya kwamba haya ni mambo ya wasichana. Uchunguzi wa kitaifa nchini Marekani uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta anoreksia katika maisha ya asilimia 0.9 ya wanawake na asilimia 0.3 ya wanaume. Ni mwanamume mmoja katika kila wagonjwa wanne, na huyo mmoja ndiye ambaye hakuna anayemtazama.

Hoja inayoumiza zaidi ni ya maringo. Anachagua mwenyewe, husema. Anataka urembo, anataka kutazamwa, akitaka kuacha ataacha. Kwa haki yake, hoja hii inaanzia kwenye jambo linaloonekana. Mgonjwa hudanganya kuhusu alichokula, huficha chakula, hukasirika suala hilo likiguswa, na kwa mzazi anayetazama hayo yanafanana sana na ujeuri. Basi tuwatazame watu ambao hawakuwa na ujeuri. Mwaka 1944 mtafiti Ancel Keys aliwaingiza wanaume 36 wenye afya katika jaribio la njaa kwenye Chuo Kikuu cha Minnesota. Walikuwa vijana waliokataa kubeba silaha kwa imani zao, wakajitolea miili yao ili ijulikane namna ya kuwalisha watu walionusurika vita. Kwa miezi sita walipewa chakula pungufu na kupoteza karibu robo ya uzito wao. Vijana hao wapole walianza kuwaza chakula usiku na mchana. Walisoma vitabu vya mapishi na kuvikusanya, walilivuta tonge moja mpaka likapoa, walilamba sahani, walijitenga na wenzao, walikuwa wakali na wenye majonzi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akitafuta urembo. Mengi tunayoyaita tabia mbaya ya mgonjwa ni kazi ya njaa juu ya ubongo. Tofauti inakuja mwishoni: chakula kiliporudishwa, vijana wa Minnesota walikula. Mwenye anoreksia ana njaa ileile, mara nyingi anawapikia wengine na kuwapakulia, ila yeye mwenyewe hawezi kuupeleka mkono mdomoni bila hofu. Huko kutoweza ndiko ugonjwa.

Kwa wanaoshikilia kwamba ni chaguo, naongeza mambo mawili. Uchambuzi wa mwaka 2011 uliounganisha tafiti 36 za matatizo ya ulaji ulikuta kwamba kati ya wagonjwa 1,000 wa anoreksia, karibu 5 hufa kila mwaka, karibu mara sita ya wenzao wa rika lao, na mmoja kwa kila watano wa waliokufa alijiua. Na mwaka 2019 ukatoka utafiti wa vinasaba uliolinganisha wagonjwa karibu 17,000 na watu wengine zaidi ya 55,000. Ulipata maeneo manane ya vinasaba yanayohusiana na ugonjwa huu, na uhusiano wake haukuishia kwenye magonjwa ya akili. Uligusa pia jinsi mwili unavyotumia sukari na mafuta. Waliochunguzwa walikuwa wenye asili ya Ulaya, na tafiti za namna hiyo zinahitajika kwetu. Hata hivyo, nani kati yenu amewahi kumwona mtu anayeringa kwa vinasaba?

Yuleyule aliyesema ni chaguo ndiye anayesema, binti akizidi kudhoofika, kwamba ameshikwa na jini. Tafadhali isikilizeni kauli hii pamoja na ile. Aliyeshikwa hakuchagua, na aliyechagua hakushikwa. Sitaki kubishana na imani ya mtu, na kisomo au maombi si lazima yamzuie mtu kufika hospitali. Ninachobishania ni muda. Mgonjwa huyu ana mapigo ya moyo yaliyopungua kasi na shinikizo la damu lililoshuka, ana baridi wakati wengine wanatoka jasho, mara nyingine nywele laini zimemwota mgongoni, potasiamu katika damu yake inaweza kushuka mpaka moyo ukapoteza mpangilio. Hayo yanapimwa asubuhi moja. Anayetaka kumpeleka kwa mganga kwa wiki sita kwanza anatakiwa atuambie moyo utafanya nini katika wiki hizo sita.

Hoja ya swaumu inahitaji uangalifu, kwa sababu inasemwa na watu wema. Wanasema binti ni mcha Mungu: anafunga Ramadhani, sunna za Jumatatu na Alhamisi, au Kwaresima yote na wiki za maombi, na nani atamzuia mtu kumwabudu Mola wake? Hakuna anayemzuia. Lakini kufunga kuna mwisho wake, na mwisho huo ni sehemu ya ibada. Adhana ya magharibi ikilia watu wanakaa pamoja, tende zinapita, uji wa pilipili manga unamiminwa, muhogo wa nazi na tambi na maharage vinaletwa. Tazameni anachofanya binti saa hiyo. Kama kila siku ana sababu ya kuwa chumbani wakati wa futari, na daku hali, basi swaumu imekuwa kinga ya kutoulizwa. Kuna dalili nyingine ambayo mama wa Kiislamu anaweza kuiona kabla ya daktari. Binti ambaye kila mwaka alikuwa na siku zake za kula mchana kwa sababu ya hedhi, kisha mwaka huu amefunga mwezi mzima bila kukatiza na hana hata siku moja ya kulipa, asisifiwe tu. Aulizwe kwa upole kama hedhi imekoma. Na tusisahau kwamba Kurani yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Anayeitetea njaa ya mgonjwa kwa jina la dini anatetea kitu ambacho dini haikukidai.

Halafu kuna bakora na ugali. Watu wanakufa kwa ukame, husema, na huyu anachezea chakula. Mketisheni, mlazimisheni, ale mpaka ashibe, yataisha. Sehemu moja ya hoja hii ni sahihi kabisa: chakula ndicho dawa, na hakuna tiba ya anoreksia inayofanikiwa bila uzito kurudi. Kilichobaki ni hatari. Muulizeni muuguzi yeyote wa wodi ya utapiamlo, kwa kuwa kanda yetu inalijua somo hili kuliko wengi. Mtoto aliyedhoofika sana hapewi chakula kingi siku ya kwanza. Anaanzishiwa maziwa ya F-75, yenye nguvu kidogo, kidogo kidogo kila baada ya saa chache, kisha ndipo anahamishiwa F-100. Sababu ni kwamba mwili uliozoea njaa ukipata wanga kwa ghafla hutoa insulini, na insulini huvuta fosfeti, potasiamu na magnesi kutoka kwenye damu kwenda ndani ya seli. Damu inabaki tupu na moyo unaweza kusimama. Watu waliokombolewa kambini mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia walikufa hivyo, wakiwa wameshapata chakula. Mwili wa binti wa Kariakoo aliyekonda kupita kiasi haujui kwamba njaa yake ilitoka kichwani na si kwenye ukame. Unafuata kanuni zilezile. Anayetangaza kwamba huyu si mgonjwa kama yule wa ukame, kisha anamjazia sahani siku moja, amemnyima hata uangalifu anaopewa yule wa ukame.

Wanaotaka kuwalaumu wazazi nitawajibu kwa ufupi. Wana ukoo mrefu: Gull mwenyewe aliwaona ndugu wa mgonjwa kuwa wauguzi wabaya kuliko wote, na kwa karibu karne nzima watoto walitengwa na mama zao ili wapone. Katika miaka ya 1980 timu ya hospitali ya Maudsley, London, iligeuza mambo. Wazazi walipewa mamlaka ya kusimamia kila mlo, kwa msimamo usioyumba na bila matusi, daktari akipima moyo na damu pembeni. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2010 liliwagawa vijana 121 katika tiba mbili. Mwaka mmoja baada ya matibabu, asilimia 49 ya waliotibiwa pamoja na familia walikuwa wamepona kabisa, dhidi ya asilimia 23 ya waliotibiwa peke yao. Kama familia ndiyo chanzo, ingewezekanaje kumrudisha mtoto mikononi mwake kukawa tiba iliyo bora kuliko kumtibu peke yake? Kwetu, ambako madaktari wa akili ni wachache na shangazi, bibi na dada wakubwa wako nyumbani, matokeo hayo yana thamani kuliko kitanda cha hospitali ambacho hakipo.

Hoja ya mwisho husemwa kwa sauti ya huruma: hawaponi hao, mwacheni apumzike. Watafiti wa Boston waliwafuatilia wanawake wenye anoreksia kwa zaidi ya miaka ishirini na kuchapisha matokeo mwaka 2017. Kwenye mwaka wa tisa, waliopona walikuwa asilimia 31. Hesabu ingeishia hapo, wenye hoja hii wangekuwa na cha kushika. Kwenye mwaka wa 22 walikuwa wamefika asilimia 63. Wengi wa hao walikuwa wameandikwa mwaka wa tisa katika orodha ya wasiopona.